Aandike kwa Penseli

Jirani anakata ua wake wa mnyaa, ojuok kwetu, na harufu ya ule utomvu mweupe imeingia dirishani. Nimeacha chai ipoe.

Nakumbuka siku ile mgeni mmoja wa mradi wa misaada alipopita moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Dana, bibi yangu. Hakubisha hodi, maana hapakuwa na pa kubishia. Tangu babu afariki ua ulikuwa umeanguka, na fisi walishatubebea mbuzi wawili. Mgeni alijaza fomu, akaniambia nimsomee Dana alichoandika. Nikasoma Kiingereza changu cha darasa la sita: vulnerable, exposed, defenceless.

"Inasema nini?" Dana akauliza.

Niliona haya. "Inasema yeyote anaweza kutuvamia, Dana. Hatuna wa kutukinga."

Aliendelea kuchambua mboga. "Mwambie asante. Na mwambie hayo aandike kwa penseli."

Mgeni alicheka. Dana hakucheka. Mgeni alipoondoka tu, Dana akachukua panga, tukaenda kukata matawi ya ojuok kule bondeni. Tulichomeka matawi kuzunguka boma, yakibanana, wiki nzima, mpaka utomvu ukaniingia machoni nikalia.

"Lia tu," akasema, "lakini hilo tawi usiliachilie."

Mwaka uliofuata mgeni alirudi na faili lake. Tulimwona kupitia matawi akizunguka ua, akitafuta pa kuingilia, hadi akafika langoni.

"Hodi!" akaita.

Niliinuka. Dana akanivuta sketi, nikaketi.

"Mwache aite tena."