Kibuyu Hakina Mkono

Ninyi wajukuu mnaosema mkutano wa kijiji ni kupoteza muda, kaeni chini. Bonde mnalolima maharage wakati wa kiangazi, mnadhani lilikuja lenyewe?

Tulitoka Burundi miaka ile ya sabini, tukapokewa hapa Heru Juu. Kiha, lugha ya wenyeji wa hapa, kilitukaa mdomoni upesi, maana ni ndugu wa Kirundi. Hadi leo nakumbuka harufu ya udongo wa bonde lile asubuhi, na wanawake tukipokezana jembe huku tukiimba. Lilitulisha wakati mihogo bado michanga.

Kisha tukasikia wenye ng'ombe wanalitaka bonde liwe malisho, na mkutano utaamua. Sisi tukafanya kama kwetu: ukitaka neno kwa mkubwa, unapeleka pombe. Mume wangu akabeba kibuyu cha pombe ya ndizi hadi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti akacheka. "Mzee, pombe nzuri, lakini rudi nayo. Kibuyu hakina mkono. Siku ya mkutano watu watanyoosha mikono. Ya kwenu mbona siioni?"

"Sisi ni wageni."

"Barabara ya kijiji mlichimba na nani, si na sisi? Njooni!"

Nyumbani mama mkwe akakataa katakata tusiende mkutanoni. "Kule tulikotoka, aliyeonekana ndiye aliyechukuliwa. Mgeni hunyamaza, mwanangu."

Sikumlaumu. Kule alizika wanawe wengine. Nikamwambia, "Mama, tumenyamaza, na bonde linaondoka. Tutakula huo unyamavu?"

Nikapita nyumba za wenzetu, mlango kwa mlango. Wengine walijifanya wagonjwa. Niliwaambia wagonjwa nao wana mikono.

Siku ya mkutano tulipofika uwanjani, jirani mmoja Muha akapaza sauti, "Ee! Leo panya wametoka shimoni!"

Nikamjibu, "Tumetoka, shemeji. Sogea, panya nao wanakaa."

Watu wakacheka, akasogea. Mwenyekiti alipouliza nani anataka bonde libaki la kilimo, mkono wangu ulikuwa mzito kama mtungi uliojaa. Nikaunyoosha. Nikatazama pembeni: mama mkwe, macho ameyafumba, mkono juu. Na yule jirani wa panya, naye juu, maana mkewe alilima nasi.

Bonde likabaki.

Jioni, kabla sijapakua ugali, niliwaambia wa nyumbani kwangu: "Mkutano ukiitwa, jembe liwekwe chini na mlango ufungwe. Atakayebaki ndani, asiniombe maharage."