Bega la Kushoto la Baba

Mwaka niliokuwa darasa la nne, nyumba yetu ya Itigi ilinuka mafuta ya kondoo kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Mama aliyayeyusha juu ya makaa katika kikaango kidogo, akayachanganya na majani aliyoletewa na shangazi kutoka Mungaa, kisha akamkanda baba bega la kushoto asubuhi kabla hajaenda kazini na tena jioni akirudi. Ni harufu nzito. Iliingia kwenye shuka, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye maziwa mgando ikiwa kibuyu kimeachwa wazi. Darasani wenzangu walinisogelea wakaninusa, wakacheka, wakauliza kwetu tunachinja kila siku au vipi. Sikuwajibu. Tulikuwa tumekatazwa kulitaja bega la baba kwa mtu yeyote, na mimi nilijiona mtoto anayejua kunyamaza.

Baba alifanya kazi katika genge la reli, wale watu wanaokaza misumari na kubadilisha mataruma, yale magogo mazito yanayolala chini ya vyuma. Taruma moja lilimponyoka mwenzake mwezi wa tano likamwangukia baba begani. Hakwenda hospitali na hakumwambia nyapara. Wenzake wawili wa kuaminika walimbebea upande wake mzito, naye akawa anafanya kazi za mkono mmoja huku akijifanya mzima. Alikuwa na sababu. Mbali na reli, baba alikuwa bondia, na mwezi wa nane alitakiwa kupigana na bondia wa Manyoni ili apatikane mmoja wa kuingia timu ya reli ya kwenda Dar es Salaam. Aliyeingia timu ile hakurudi tena kubeba mataruma. Alitafutiwa kazi ya karakana huko huko mjini. Baba alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alijua hatapata nafasi nyingine, na alijua pia kwamba bega likijulikana, ama daktari atamzuia kupanda ulingoni, ama mpinzani atalitafuta bega hilo hilo.

Mpinzani mwenyewe hakuwa mtu wa kuchukiwa, na hapo ndipo ninapoumia nikikumbuka. Aliitwa Chibago, mpakiaji mizigo wa stesheni ya Manyoni, mrefu, mwenye mwanya na sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya reli. Watu wa kabila lake na sisi Wanyaturu ni watani. Asiyekulia kwetu huenda akadhani utani ni mzaha tu, kumbe una taratibu zake. Mtani anaingia jikoni kwako bila kubisha hodi, anafunua sufuria, anakwambia ugali wako ni wa kuzibia panya, anaondoka na jogoo wako, nawe huruhusiwi kukasirika. Wewe nawe unamjibu, tena unamzidi, maana ukinyamaza umeshindwa. Chibago aliposhuka kwenye treni ya mizigo alipitia kwetu kwanza kabla ya kwenda popote. Baba alimpenda kuliko ndugu zake wa kuzaliwa. Siku akija, baba alicheka kwa namna ambayo hatukumsikia akicheka siku nyingine.

Alikuja wiki mbili kabla ya pambano, kama kawaida yake, kana kwamba hakuna pambano. Baba alikuwa kazini, mama amekwenda kuchota maji, nami nilikuwa uani nikipepeta uwele. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akachukua kigoda, akakaa, akaninyang'anya ungo na kuanza kuniambia kwamba napepeta kama mtu anayefukuza nzi. Aliniita Bibi Vero, kwa jina langu Veronika, akidai nimezeeka kabla ya wakati kwa sababu ya kula mlenda kila siku. Kisha akatoa kamba mfukoni, akaipima hewani, akasema amekuja kuchukua urefu wa baba ili fundi aanze mapema kuchonga jeneza. Hayo nayo ni maneno ya utani wa kwetu, yanasemwa na watu wanacheka. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa na hofu ya miezi miwili kifuani, nikatafuta jibu la kumzidi. Nikamwambia baba atamchapa kwa mkono mmoja tu, maana ule mwingine hata kikombe cha chai haunyanyui.

Akacheka sana. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa nimemweza. Halafu, akiwa bado anacheka, akaniuliza, "Upi?" Nikanyanyua mkono wangu wa kushoto nikamwonyesha.

Nilijua nilichofanya kabla sijaushusha. Chibago alinirudishia ungo, akaniambia nisimwage uwele, akaondoka bila kufunua sufuria hata moja. Mama aliporudi nilimwambia mtani alipita, basi. Nilijifariji kwamba alichukulia ni utani, maana kwenye utani nani anasema kweli? Kila jioni mama alipomkanda baba nilitoka nje nisione. Mara tatu nilisimama mlangoni nikiwa nimeamua kusema, na mara zote tatu baba aliniuliza nataka nini, nikajibu nataka maji ya kunywa. Nilikunywa maji mengi sana wiki zile.

Pambano lilifanyika Jumapili mchana katika godauni la stesheni, baada ya watu kutoka kanisani. Walikuja watu wa Manyoni kwa treni, wakaja warina asali kutoka vichakani, wakaja masheikh na makatekista, na ulingo ulikuwa kamba nne zilizofungwa kwenye nguzo za godauni lenyewe. Mama alitupandisha mimi na mdogo wangu juu ya magunia ya alizeti, tukaona vichwa vyote vikiwa chini yetu. Raundi zilipangwa sita. Baba alipopanda nilimtazama begani tu, sikumtazama usoni.

Katika raundi ya kwanza hadi ya tatu sikuamini macho yangu. Baba aliuweka mkono wa kushoto karibu na kifua, chini kidogo kuliko ilivyo kawaida, na kila mwenye macho angeona kwamba upande ule uko wazi. Chibago alipiga kichwa, alipiga mbavu za kulia, alipiga tumbo. Begani hakugusa. Mara mbili alikuwa na nafasi ambayo hata mimi wa darasa la nne niliiona, akairusha ngumi kwingine. Ngumi zao zilikuwa sawa kwa sawa. Huyu akipiga mbili yule anarudisha mbili, na watu waliacha kushangilia upande mmoja wakawa wanashangilia wote wawili. Nilianza kupumua. Nilijiambia aliona ni utani, nikamshukuru Mungu, nikampiga mdogo wangu kofi la furaha mgongoni.

Raundi ya tano baba alimpata Chibago kidevuni kwa mkono wa kulia. Chibago akaketi chini, refa akahesabu hadi nane, akasimama. Godauni lote lilikuwa limesimama. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akipiga kelele mbele ya watu, alikuwa akipiga vigelegele huku machozi yanamtoka, na mzee aliyekuwa karibu yetu alimwambia kwamba mumewe ameshafika Dar es Salaam. Raundi ya sita ilipoanza, Chibago alitoka kwenye kona yake taratibu, akamtazama baba kwa muda, kisha akampiga begani. Si kwa bahati. Alimpiga pale pale tena, na tena. Niliuona mkono wa baba ukilegea, ukaning'inia, na baba akapigana dakika zilizobaki kwa mkono mmoja, akirudi nyuma, akikataa kuanguka, mpaka kengele.

Majaji walikuwa watatu. Mmoja alimpa baba, mmoja akampa Chibago, na wa tatu akampa Chibago kwa pointi moja. Watu wa Itigi walibishana juu ya pointi ile mpaka wengine wakanuniana. Wapo wanaosema baba alishinda raundi nne, wapo wanaosema ile ya sita peke yake ilitosha kuyafuta yote. Nimesikia mabishano hayo kilabuni, msibani, hata ndani ya basi la Singida, na kila mara nimetazama dirishani. Mimi tu ndiye niliyejua pointi ile ilitoka wapi.

Baba alirudi kwenye genge, na bega lilipomshinda kabisa wakampa kazi ya kulinda ghala. Tangu siku ile hakuunyanyua mkono ule juu ya kichwa. Shati alivalishwa na mama. Chibago alikwenda Dar es Salaam na timu, na hata aliporudi Manyoni likizo hakuja tena kwetu. Treni ya mizigo ilisimama, ikaondoka, na majogoo wetu wakazeeka bila wa kuwaiba. Nikaelewa kwamba urafiki wao nao nimeuua mimi. Baba hakunigombeza kamwe, alinikatia muwa, alinisahihishia hesabu, akanitania kwa sauti ya chini, nami sikuweza kumtazama zaidi ya dakika moja. Nilipofaulu kwenda sekondari Singida mjini nilishukuru kwa kuwa ni mbali. Likizo zilipofika nilipata sababu: kuna masomo ya ziada, shangazi wa Mungaa anaumwa, kwaya inasafiri. Chuo ikawa hivyo hivyo, na nilipoanza ualimu ikawa hivyo hivyo. Baba alizoea. Alikuwa akituma salamu kwa watu wanaokuja mjini, pamoja na chupa ya asali, na salamu zake siku zote zilikuwa fupi: nisome vizuri, nisiwe na wasiwasi na kwetu.

Tulimzika mwaka jana, mwezi wa nane. Watani walikuja, vijana hasa, wakafanya kazi yao kama inavyotakiwa. Mmoja alivaa koti la baba akatembea kama yeye, mkono umening'inia, akiomba avalishwe shati, na wafiwa tukacheka huku tunalia. Mwingine alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Chibago alikuwapo. Alikuwa mzee sana, amekuja na mjukuu wake, ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya turubai bila kusema neno. Watu walimshangaa. Mtani asiyetania msibani ni kama hakuja.

Nilimfuata baada ya maziko nikamwamkia. Akaniitikia, akaniambia niketi. Aliniuliza kama bado nakumbuka siku ya ungo. Nikasema sijawahi kuisahau.

"Bibi Vero, ulipoonyesha mkono nilijua ni kweli," akasema. "Nikaapa sitaligusa bega la rafiki yangu. Raundi tano nikalikataa. Ya sita nikaona nimeshindwa, mwili ukasahau kiapo."

Nikamwambia nilijua. Akatikisa kichwa, akasema lipo ambalo silijui. Jioni ile ya pambano, baba, mkono umefungwa kitambaa, alimsindikiza stesheni kama alivyomsindikiza siku zote. Njiani akamwambia ameona jinsi alivyolikwepa bega raundi tano, na mtu halikwepi asilolijua. Akamwuliza ni nani aliyemwambia.

"Nikakutaja," Chibago akasema. "Sikuweza kumdanganya tena. Treni ikapiga honi. Kisha akaniambia, 'Usije tena nyumbani kwangu. Sina kinyongo na wewe. Yule mtoto akikuona atakuwa anakumbuka, na mimi sitaki akumbuke.'"

Akaniambia walikuwa wakionana mara moja moja tu, yeye akija Manyoni likizo kutoka Dar es Salaam na baba akipata ruhusa ya kwenda huko, wanakaa saa moja nyuma ya stesheni, kisha baba anarudi.

Siku hizi binti yangu anatazama ngumi kwenye simu, na mtu akishinda kwa pointi moja anairudisha video mpaka aone wapi ilipopatikana. Majuzi aliniomba nimwoneshe pambano la babu yake, nikamwambia halikurekodiwa. Nilitamani kumwambia kwamba hata lingerekodiwa nisingeitazama raundi ya sita, ningetazama ile miaka yote iliyofuata. Mimi nilikaa mbali nikidhani kwamba baba hajui, nikiogopa siku atakayojua. Yeye alijua tangu jioni ile ya kwanza. Alimfukuza rafiki yake wa pekee ili mimi nikae nyumbani bila kuumia, nami likizo zote zile sikuwa nyumbani.