Msusi Asiyesukwa

Desemba ikiingia, Seline huacha kuwa mtu, akabaki vidole tu. Saluni yake iko Kawangware 56, Nairobi, kando ya duka la hardware, na mwezi huo kila mwanamke wa mtaa anataka kwenda ushago, kijijini kwao, kichwa kikimeremeta. Husuka tangu asubuhi mpaka mgongo ukatae. Nywele zake mwenyewe huwa amezifunga kitambaa tangu mvua zianze, na ukimuuliza atakuambia huo ni mtindo. Usimwamini.

Mwaka jana, wiki ya Krismasi, mamake, Mama Amondi, alimpigia simu kutoka Laini Saba, Kibera. Mama Amondi si mtu wa maneno mengi. Alimwomba binti yake aje siku ya Krismasi wakae, basi. Seline alichoka hata kujibu. Kila aliyempigia simu mwezi huo alitaka kusukwa, akaona sasa hata mzazi wake amejipanga kwenye foleni. Akafanya jambo ambalo msusi pekee angelifanya: akachagua wigi lililokuwa zuri kuliko yote pale saluni, akalitia kwenye mfuko wa zawadi, akampa mtu wa bodaboda alipeleke. Mama angependeza kanisani, na yeye angelala sikukuu nzima.

Asubuhi ya Krismasi, bado yuko kitandani, simu ikalia. Alikuwa Mabrouka, mama wa Kinubi mwenye ploti ya vyumba vya kupanga anamokaa mamake. Yeye ni Mwislamu, Krismasi si yake, lakini ya majirani haimpiti.

"Mathe wako amekaa kwa mlango tangu alfajiri," alisema. "Nikimwambia labda huji, ananiambia sawa. Mimi nimechoka kumwangalia."

Seline aliamka na hasira, nisimfiche. Alitia kitana na uzi mkobani, akaenda akinung'unika njia nzima kwamba hata sikukuu vidole vyake si vyake.

Alimkuta mama mlangoni kweli. Ila nywele zake za mvi zilikuwa zimeshasukwa matuta safi. Mabrouka alikuwa amemsuka jana yake. Wigi lilikuwa mezani, bado ndani ya mfuko. Pembeni ya mama palikuwa na mafuta ya nywele, kitana cha mbao na kile kigoda ambacho Seline alikuwa akikikalia enzi za shule, akisukwa kila Jumapili.

Akauliza, kwa sauti kavu, sasa yeye aliitiwa nini.

Mama alimwonyesha kigoda. "Keti. Wewe unashika watu wote kichwa. Chako kinashikwa na nani?"

Seline aliweka mkoba wake chini. Kisha akaketi. Mama alifungua kitambaa, akaona yaliyokuwa chini yake, akaguna. Akaanza kuchambua fundo moja baada ya jingine, polepole, maana mikono yake imezeeka. Seline alilia, akasingizia kitana. Kabla ya tuta la tatu alikuwa amelala, ameegemea goti la mamake, na mama akaendelea kusuka.

Matuta yalitoka yamepinda, tuseme ukweli. Saluni ilipofunguliwa Januari wateja waliuliza ni nani amemharibia kichwa hivyo, na mwenzake wa kiti cha pili akajitolea kumfumua bure. Seline alikataa. Aliyavaa hadi yakachakaa, msusi mzima, wala hakuona haya.