Kuku wa Kishingo Walioombwa na Bibi

Kila nikikaribia duka la pembejeo pale Mbinga mjini, navuka barabara. Ile harufu ya dawa ya kahawa, kali, inayokwaruza koo na kukaa kwenye nguo, siiwezi. Wenzangu husema nina madaha. Acha waseme. Ninyi nitawaambia kisa chake, maana nimekibeba peke yangu muda mrefu mno.

Tulikaa juu milimani, kahawa upande mmoja wa nyumba, ngolo, yale mashamba yetu ya vishimo, za mahindi na maharage upande wa pili. Mama hakuwa mtu wa milima. Alizaliwa chini ziwani, Kihagara, akaolewa na baba yangu Mmatengo, na majirani wakamwita Mnyasa tangu siku ya kwanza. Alipoolewa, bibi, yaani mama yake, alimpa tenga lenye jogoo na tetea wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Nasikia watu walicheka mpaka wakashika mbavu: bibi harusi kaja na kuku walionyonyolewa nusu! Lakini kuku wale walistahimili, wakazaana, na mama aliwapenda kuliko kitu chochote alichokuja nacho.

Jamani, kufuga kuku ni kazi ya lawama. Mwewe anabeba kifaranga mchana kweupe huku unamwangalia. Kicheche anapita kwenye tundu ambalo jana hukuliona. Tetea mmoja aliamua kwamba kofia ya baba ya kwendea kanisani ndiyo kiota chake, na Jumapili ile baba alikwenda misa kichwa wazi, amenuna. Wakiingia kwenye maharage ya jirani yetu Mama Kapinga, basi siku nzima ni maneno. Na mchungaji wao nilikuwa mimi, Stela, mwenye miaka tisa.

Shida yangu kubwa ilikuwa viroboto. Waling'ang'ania kwenye vishungi na kuzunguka macho ya kuku, na kila asubuhi nilitakiwa niwakamate mmoja mmoja niwapake majivu. Nilikuwa mvivu, siwafichi. Mara nyingi nilimwaga majivu chini nikasema nimepaka. Viroboto wakahamia kwangu, nikawa najikuna darasani, na wenzangu wakaniita Tetea.

Mvua kubwa zilipokolea, mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wa kwao, aliyekuwa akipanda kutoka ziwani alituletea habari: bibi anaumwa, hali chakula, samaki hataki hata kuwaona.

"Amesema umpelekee mchuzi wa kuku wake," alimwambia mama. "Wale wa kishingo."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Akapanga kutelemka Jumamosi na kuku wanne kati ya saba tuliokuwa nao, watatu wa bibi na mmoja wa kumpa dereva wa lori. Kwetu mtu haendi kumuuguza mama yake mikono mitupu. Ni aibu ambayo mama, Mnyasa aliyechekwa kwa kuku wake, asingeivumilia.

Alhamisi, akienda shambani, aliniambia, "Stela mwanangu, wapake majivu vizuri leo. Sitaki bibi yako apokee kuku wenye viroboto."

Sasa, zamani za ushirika dawa ya kahawa ilikuja na bwana shamba. Anakusanya watu, anaeleza, anafoka, anarudia. Soko huria lilipoingia, bwana shamba hakuonekana tena. Wakaja wachuuzi na pikapu zao, wakitupimia dawa kwenye chupa za soda bila karatasi wala maelezo, kisha hao, wamekwenda. Chupa yetu baba aliichomeka kwenye paa la jiko. Nilishamwona akinyunyizia mikahawa, wadudu wakadondoka papo hapo. Nikajiuliza, ya nini kuhangaika na majivu?

Nilipanda juu ya kinu nikaishusha. Nikachovya kitambaa, nikawapaka kuku wote saba, kichwani, chini ya mbawa, na pale shingoni kwenye ngozi tupu. Viroboto walikufa kweli! Nilijiona fundi. Nilirudisha chupa mahali pake nikakaa kusubiri sifa.

Jua halijafika utosini, yule tetea mkubwa alianza kutokwa na mate. Akapepesuka, shingo ikalegea. Nikamnywesha maji, nikampepea kwa kanga, nikamwita jina lake. Nikimshika huyu, yule anaanguka. Wakaisha wote.

Mama alinikuta katikati yao. Alitupa kuni chini.

"Nimewakuta hivi, mama," nilisema. "Ni kideri."

Kideri ni ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na miguu. Mama hakuwatazama kuku. Alinishika mikono, akaiinua karibu na uso wake, kisha akanivuta mbio mpaka kijitoni. Alinivua gauni, akanisugua kwa sabuni mwili mzima, akachokoa kila ukucha kwa kijiti, akanisuuza, akaanza tena. Ngozi iliwaka. Aliniuliza kama kichwa kinauma, kama namwona vizuri. Nikadhani amechukia uchafu wangu.

Baba aliporudi, mama alimwambia ni kideri. Kwetu kuku wa kideri analiwa, na baba alikuwa ameshauliza maji ya kunyonyolea yako wapi.

"Hawa hawaliwi," mama alisema.

Alichimba shimo nyuma ya migomba akawafukia wote saba. Mama Kapinga akatangaza kila alikopita kwamba Mnyasa kazika nyama wakati watoto wake wanakula maharage. Mimi nilimshukuru Mungu kwamba uongo wangu umekubaliwa.

Jumamosi mama hakuondoka. Jumatatu alichukua jembe akaenda kulima kibarua kwenye ngolo za Mama Kapinga yule yule, ujira wake kuku wawili. Alilima na mvua. Wiki ya kwanza ikaisha kwa kuku mmoja. Mwisho wa wiki ya pili alirudi amemkumbatia wa pili, ana tope mpaka magotini, anatabasamu.

Muuza usipa alikuwa amekaa mlangoni kwetu. Hakuwa na tenga lake. Nilimwambia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

Mama alisimama. Akamnyooshea yule kuku. "Lakini nimempata," alisema. "Mwangalie, dada. Nimempata."

Kuku wale wawili tulitelemka nao Kihagara, wakachinjiwa waombolezaji. Mama hakuonja.

Miaka imepita, nami nina watoto. Mwaka fulani mwanangu wa mwisho, akiwa na miaka minne, alitoka stoo na chupa ya dawa mkononi. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeivuta mikono yake puani kwangu, nikamkimbiza bombani. Nikiwa namsugua kucha, mtoto analia, ndipo nilipoelewa. Nilikaa chini kwenye maji. Mama alijua. Alijua tangu dakika ile ya kwanza, na uongo niliofikiri nilimdanganya nao aliuchukua akaenda kumwambia baba kama wa kwake.

Wiki hiyo hiyo nilipanda nyumbani. Nilimkuta mama kibarazani anamenya maharage mabichi.

"Mama, wale kuku wa kishingo..."

"Najua. Ulikuwa unanuka dawa."

"Mbona hukusema?"

"Baba yako angekuumiza. Nawe ulikuwa unatetemeka, sikujua ni woga au ni sumu. Nililala nimekushika nisikie kama unapumua."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa yote, kwa kuku, kwa bibi, kwa miaka yote ya kunyamaza. Nililia kama nilivyopaswa kulia siku ile.

"Nilishakusamehe pale pale mtoni," alisema. "Inuka."

Niliinuka, nikakaa karibu naye, nikachukua maharage nimsaidie. Tulimenya mpaka bakuli likakaribia kujaa. Kisha mikono yake ikasimama.

"Ila aliomba mchuzi tu, Stela," alisema. "Mchuzi tu."