Katekista Thadeo, Mtetezi Asiyekuwa na Joho

Hakuwa na digrii. Hakuwa na joho la mawakili, wala ofisi, wala mlango wa kubandika jina lake. Gari hakuwa nalo, na baiskeli yake haikuwa na breki. Hata herufi le na re hakuweza kuzitenganisha, kama tulivyo wengi wa mkoa huu. Lakini maskini wa Musoma, Bunda na Butiama walipopata kesi, walimwita yeye kwanza, naye alikwenda.

Thadeo Mugeta alizaliwa Nyegina mwaka 1950, katika familia ya wavuvi, akabatizwa angali mchanga. Alifundisha katekisimu kwa miaka mingi kwa furaha, akiamini kwamba kazi yake duniani ndiyo hiyo tu. Wito wa pili ulimjia mwaka 2012, wakati mjane mmoja alipomletea karatasi ya kuitwa mahakamani. Thadeo akamwambia wasali. Mama yule akajibu, "Katekista, kusali nimemaliza. Sasa nani atanisomea hii samansi?" Neno hilo lilimchoma. Mwezi uleule alivaa viatu vyake vya harusi akaenda Bunda kuhudhuria mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, akiwa mzee kuliko wanafunzi wote na mwalimu wao.

Tangu hapo aliwasomea watu samansi, akawaeleza haki zao na kuwaandaa kwa siku ya kesi, bila malipo yoyote. Wavuvi wa kisiwa cha Rukuba walipomletea furu, samaki wadogo wa ziwani, aliwarudishia. Mkewe, Mama Nyangi, alilalamika, "Baba Nyangi, hata furu mmoja?" Akamjibu, "Tukila furu huyu leo, kesho atakuja asiye na furu, ataogopa mlango wetu." Mama Nyangi akasonya, akapika mchicha. Majaribu hayakukosekana. Baadhi ya watu walisema anakula rushwa kwa siri, na wengine walimwita kishoka, jina la mtu anayejifanya wakili ili awale wanyonge. Yeye aliendelea kukanyaga baiskeli.

Jambo linalokumbukwa zaidi ni kesi ya Boke, mjane wa Kiriba, mwaka 2019. Mwikwabe, mdogo wa marehemu mumewe, alitaka kumtoa katika shamba lililo kando ya ziwa, ambalo ndilo lililowalisha watoto wake. Kwa kuwa sheria haimruhusu msaidizi kusimama kama wakili, Boke alijieleza mwenyewe mbele ya baraza la ardhi, na Thadeo akakaa benchi la nyuma na rozari yake. Maneno yao tunayaandika yalivyotamkwa. Boke alisema, "Mheshimiwa, marehemu ariniachia mahari yangu."

Mwenyekiti, mtu wa Tanga, akauliza, "Mahari? Nani aliipokea?"

Mwikwabe akaruka. "Umesikia, mheshimiwa! Ng'ombe wetu warikwenda kwao. Wawarudishe, na yeye aondoke!"

"Siyo ng'ombe!" Boke akalia. "Mahari! Mahari pa kurima! Turikuwaga tunarima wote!" Kadiri alivyoeleza, ndivyo alivyozidi kujizamisha. Mwenyekiti alikuwa ameshainua kalamu aandike, ndipo Thadeo akanyoosha mkono.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana, mheshimiwa, mimi si wakiri. Naomba tu umuurize mama, hapa turipo ni wapi."

Mwenyekiti akamuuliza. Boke akafuta machozi, akatazama bendera ukutani, akajibu kwa heshima, "Ni mahari pa serikari."

Baraza zima liliangua kicheko. Mwenyekiti alivua miwani akafuta macho, na Mwikwabe mwenyewe akashindwa kujizuia. Kisha majirani waliitwa, wakathibitisha kwamba Boke na mumewe walilifyeka shamba lile pamoja. Boke akabaki mahali pake.

Thadeo alifariki nyumbani Agosti 2023, siku mbili baada ya kurudi kutoka Butiama alikokwenda kuwafundisha wajane. Watu wa Rukuba husimulia kwamba ziwa lililochafuka lilitulia walipolitaja jina lake. Hatulitangulii Kanisa katika kuyapima hayo. Lakini tuliloliona kwa macho ni hili: Mwikwabe alibeba jeneza, kisha akala sinia moja na Boke. Anayetaka kumwiga mzee huyu asingoje joho. Aanze kwa kumsomea jirani samansi yake.

Mwaka huu jumuiya yetu ilikutana shambani kwa Boke kumwandikia Baba Askofu, ili ushuhuda wa maisha haya ukusanywe. Katibu Emanuel aliyaandika maombi yetu, Boke akiwa amesimama nyuma ya bega lake. Ghafla Boke akapiga kelele, "Katibu, umeandika 'mahari alipozikwa'! Weka le, baba! Unataka kumwozesha marehemu?"

"Aoe tena?" akadakia Mama Nyangi. "Ameniomba ruhusa lini?"

Tulicheka mpaka tukasahau wimbo wa kufungia. Emanuel akasahihisha, akakunja barua. Mwikwabe akaomba bahasha aifunge yeye. Akailamba gundi, akaikandamiza kwa kiganja juu ya goti lake, akapanda baiskeli ile isiyo na breki, akaipeleka Musoma.