Siku Nilipoapa Macho Yangu Hayaruki

Heri muisikie kwangu mwenyewe, maana kule Alunguli, ng’ambo ya muto, wanaisimulia na chumvi nyingi: mimi Feruzi, musomaji wa Kurani ninayejulikana Kindu nzima, nilijiaibisha kwa kioo kidogo, muchana kweupe, mbele ya muntu niliyekuwa namuomba binti yake.

Muzungu mumoja, muganga wa macho, alikuwa anapanda muto kwenda Nyangwe, wapiga makasia wake wakashikwa na homa, akakaa kwetu siku saba bila kazi. Basi akawa anachungulia macho ya watu. Mimi aliniomba nisome, naye akaweka kioo kando ya kitabu, akawa anatazama macho yangu humo. Nilisoma vizuri sana (sijisifu, njo kweli), na nilipomaliza akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota njiani, “Bwana Feruzi, macho yako iko naruka. Haitembei pole pole kwa mustari. Inaruka, inasimama, inaruka tena.”

Sasa munajua wenyewe kwetu macho ya kuruka ni ya nani: mwizi, ao mwanaume anayechungulia wake za watu. Na Mwalimu Sefu wa Alunguli, baba yake Mwajuma, alikuwa ameshasema wazi kwamba hatatoa mutoto wake kwa muntu wa macho juujuu, na Ijumaa ya juma lile njo nilikuwa naenda kupokea jibu. Ningenyamaza yangeisha. Lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kupatana. Nikachukua kioo cha muzungu, nikaangalia jicho la kuume, nikahamia la kushoto, nikarudi, nikahama tena, na macho yangu hayakutikisika hata kidogo. Muzungu amekosea, nikasema, nikamuomba kioo chake, akanipa huku anacheka (hapo njo ningejiuliza anacheka nini).

Ijumaa nikavuka muto, nikakuta baraza imejaa, habari ya macho yangu imeshafika mbele yangu. Hata sikungoja kuulizwa. Nikasimama katikati, nikainua kioo, nikasema, “Mwalimu, shikamoo. Watu wanasema macho yangu yanaruka. Ninaapa hayaruki. Angalieni wote.”

Nikaangalia jicho moja, nikahamia lingine. Kwenye kioo, macho yametulia. Watu wakaanza kucheka, nami nikafikiri wanamucheka muzungu, basi nikaongeza bidii, kuume, kushoto, kuume, kushoto, nikitabasamu kama mushindi, mpaka shangazi yake Mwajuma akajifuta machozi akaniambia, “Baba, yanaruka kama panzi.”

“Hapana, shangazi, angalia vizuri.”

“Niko naangalia. Tena sasa yamerukia mulango.”

Baraza nzima ikageuka kwenye mulango, na pale nyuma ya pazia alikuwa Mwajuma, ananichungulia. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu Sefu hakucheka. Akaninyang’anya kioo, akajiangalia mwenyewe, jicho hili, jicho lile, taratibu. “Yangu yametulia,” akasema. “Kwa nini yako hayatulii?”

Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, nikayaona macho yake yakiruka sawasawa na yangu. Shangazi aliyaona. Kila muntu aliyaona, na hakuna aliyefungua kinywa. Neno moja tu lingeniokoa, nalo lingemuvua nguo mukubwa mbele ya watu wake. Nikalimeza, na lilikuwa chungu.

“Ndiyo, Mwalimu,” nikasema. “Yako yametulia kabisa.”

Akanitazama, kisha akamutazama shangazi, ambaye alikuwa ameziba kinywa kwa kanga. Nafikiri alielewa. Akanirudishia kioo akasema, “Keti, tule.” Wali wa mupunga wa Kibombo sijawahi kuula kwa furaha kama siku ile.

Nilipomurudia muzungu akanieleza kwamba jicho likiruka, ubongo unafunga kuona kidogo, kwa hiyo kila muntu macho yake yanaruka na hakuna anayeyaona yake mwenyewe kwenye kioo. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema sikumuuliza. Kioo akaniachia.

Tangu siku ile nimeapa kutoapia tena macho yangu, na si kwa hiari yangu tu. Nikisema sikumuangalia yule dada aliyepita, muke wangu Mwajuma habishani. Anaingia ndani, anakileta kile kioo, ananipa nikishike, halafu anakaa mbele yangu kuangalia.