Pete Iliyogoma Kutoka Kidoleni

Mimi ninauza pete hapa Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na duka langu ni mkono wangu wa kushoto. Nyembamba ninazipanga chini, pana juu yake, ya shanga inamalizia. Nikipita sokoni najiona malkia.

Juzi jirani yangu Mama Neema alifariki, nasi akina mama wa kanisa tukamwosha. Nilivua pete zangu nikaziweka kwenye sahani iliyokuwa kando ya kitanda. Tulipomaliza nikazivaa harakaharaka, maana mteja alikuwa ananingoja sokoni, mke wa mwanajeshi kutoka Mbarara.

Nilipofika, mteja akanishika mkono. "Mimi nataka hii kadogo ya chini."

Sikuikumbuka, lakini mchuuzi gani atakiri kwamba hajui bidhaa yake? Nikasema ni mpya, imetoka Bukavu. Nikavuta, ikagoma. Nikapaka sabuni, nikapaka mafuta, ikazidi kukaza, na ilikuwa ya baridi ingawa jua lilikuwa kali.

"Imenipenda," nikacheka.

Yeye hakucheka. Aliuachia mkono wangu, akaondoka bila kuaga.

Jioni, baada ya maziko, nilimpa pole mume wa marehemu, kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka. Akaitazama mikono yangu.

"Mama Furaha," akasema polepole, "iyi pete ni ya marehemu bibi yangu. Tuliitafuta fasi yote tumuzike nayo, tukaikosa."

Nikafungua kinywa nimwambie kwamba imekaza, haitoki. Pete ikateleza yenyewe, ikaanguka kiganjani mwake.